Kiwango cha Kufanana

Nchi ya Tulivuni ina amani tele, na ushahidi wa amani hiyo umehifadhiwa kwenye video. Hakuna nchi nyingine duniani iliyorekodi utulivu wake kwa saa nyingi kiasi hicho. Mlezi wa Taifa akifungua kisima, anarekodiwa. Akikifunga kisima hichohicho kwa sababu hakikuwa na maji, anarekodiwa tena, na kwa kamera nyingi zaidi, maana hapo huwa anaeleza. Wageni wakiuliza hali ya nchi huelekezwa kwenye jengo la Wizara ya Picha Jongefu, ghorofa tisa zisizo na dirisha hata moja, wakajionee wenyewe.

Ndani ya jengo hilo, ghorofa ya sita, alikaa Mhandisi Kassian Ndimbo, mbunifu mkuu wa hifadhi. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuhakikisha video zote za nchi zinapata pa kukaa, na hapo pa kukaa pawe pa gharama nafuu. Alikuwa mtu mpole, mwenye watoto wawili na shati moja zuri, na mpaka mwaka huo hakuwa na kitu cha kumnyima raha. Sasa alikuwa nacho. Kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipomeza mate alikisikia. Wenzake wa ofisini walidhani ni tonsilesi, wakamletea tangawizi.

Ili tusimwonee mtu, tueleze mambo yalivyoanza. Yalianza na neno "baridi".

Kila anayejenga hifadhi ya video anajua kwamba si kila video inastahili godoro moja. Ipo inayotazamwa na watu maelfu kwa siku. Hiyo huitwa ya moto, na huwekwa kwenye diski za kasi, ambazo ni ghali, tena kwa nakala kadhaa ili isikwame. Ipo inayotazamwa mara mojamoja. Hiyo ni ya vuguvugu, hukaa kwenye diski kubwa za polepole. Na ipo ambayo haiulizwi na mtu. Hiyo ni ya baridi. Hunakiliwa kwenye kanda, kanda ikawekwa kwenye rafu, umeme ukazimwa. Ndiyo siri yote ya kubana gharama, na Kassian aliiandika kwa kurasa arobaini na michoro, akaingia nayo chumba cha mikutano akiwa amevaa lile shati.

Waziri wa Picha Jongefu, Mheshimiwa Daktari Pantaleo Kishimbo, alimsikiliza akiwa amefumba macho, jambo ambalo huko ni dalili ya umakini. Alipoyafumbua aliuliza swali moja.

"Hotuba za Mlezi ziko kundi gani?"

Hapo ndipo mtu mwingine angeshikwa na kikohozi. Kassian alifungua jedwali.

"Hotuba za Mlezi, Mheshimiwa, ni saa elfu sitini na moja. Mwaka jana zimetazamwa na watu kumi na mmoja. Tisa kati yao ni mafundi wetu, walikuwa wanajaribu kama zinacheza. Kwa hiyo ni za baridi."

Ofisa wa itifaki aliyekaa pembeni yake alisogeza kiti polepole mpaka akafika upande wa pili wa meza.

"Mhandisi," alisema Waziri, "umesema hotuba ya Mlezi ni ya baridi?"

"Kitaalamu, Mheshimiwa."

"Ugali wa baridi naufahamu. Uji wa baridi naufahamu. Maneno ya Mlezi yakipoa, taifa litapashwa na nini?"

Kesho yake likatoka tangazo. Hotuba zote za Mlezi, zilizotolewa na zitakazotolewa, ni za moto daima. Zikae kwenye diski za kasi kwa nakala tatu, na nakala ya nne ya kuzilinda zile tatu. Basi diski zikawa zinazunguka usiku na mchana zikimsubiri mtazamaji wa kumi na mbili, na kwa kuwa diski inayozunguka hutoa joto, chumba cha seva kikapata moto mpaka mafundi wakawa wanaingia na fulana. Ikabidi viletwe viyoyozi vinne kutoka chumba cha upasuaji cha Hospitali Kuu. Madaktari waliandikiwa barua ya kuwapongeza kwa mchango wao.

Kassian aliiona nakala ya barua hiyo akaona aibu kidogo. Ilikuwa aibu ya kuvumilika, akaenda kunywa chai.

*

Baada ya miezi mitano diski zikajaa. Na Sikukuu ya Miaka Arobaini ya Ulezi ilikuwa inakaribia, ambapo kila raia alitakiwa aweze kutazama hotuba yoyote aitakayo, wote kwa mpigo, wapende wasipende. Kassian akaagizwa atafute nafasi bila kununua diski hata moja.

Alitengeneza programu akaiita Chujio. Chujio lililinganisha video na video. Likikuta mbili zinafanana kwa asilimia tisini na tisa, lilihifadhi moja, na mahali pa ile ya pili likaacha kibandiko kisemacho: tazama ile pale. Mtazamaji hakuona tofauti. Kassian aliliandika kwa wiki sita na, lazima isemwe, alilipenda kama mtu anavyopenda baiskeli aliyoiunda mwenyewe. Alilijaribu Jumatatu asubuhi. Ilipofika saa nne, Chujio likatoa ripoti kwamba hotuba elfu tatu mia nane na sita za Mlezi ni hotuba moja.

Alirudia jaribio mara tatu. Salamu zilikuwa zilezile, kisa cha mbuzi wa babu yake kilekile, kikohozi palepale baada ya neno "maendeleo". Kilichobadilika ni kofia. Chujio, kwa uaminifu wa mashine isiyo na familia ya kulisha, lilipendekeza kuhifadhi hotuba moja na kofia mia tatu na kumi na moja. Sehemu tisa kwa kumi za seva zingebaki wazi.

"Mhandisi," Waziri aliuliza, akiwa ameshika ripoti kwa ncha za vidole, "unataka kusema Mlezi anajirudia?"

"Si mimi, Mheshimiwa. Ni Chujio."

"Na Chujio limeajiriwa na nani?"

Wiki hiyohiyo Bunge la Tulivuni lilipitisha kwa kauli moja Sheria ya Upya, isemayo kwamba hotuba ya Mlezi ni mpya kila inapotolewa, na mtu yeyote atakayeifahamu kabla haijatolewa atakuwa ametenda kosa. Wabunge walishangilia sheria hiyo kwa dakika kumi na saba. Video ya kushangilia imehifadhiwa kwa nakala nne.

Siku chache baadaye Waziri alimwita Kassian ofisini kwake, akamwagizia chai ya maziwa na maandazi mawili, akamwita mdogo wangu. Akauliza habari za Tume ya Kusikiliza.

Kwa faida ya wasiofahamu: Mlezi alipotimiza miaka sabini, taifa lilimzawadia ziwa. Kwa kuwa ziwa halikuwepo, ilibidi litengenezwe, na mahali palipofaa palikuwa Bonde la Mkwaya, ambako kwa bahati mbaya walikuwa wakiishi watu. Wakapewa siku nne za kuhama. Siku ya pili asubuhi maji yakafunguliwa, kwa sababu kiongozi wa bendi alikuwa na safari na ratiba ikasogezwa mbele. Watu wakapandishwa malori walivyokuwa, mikono mitupu. Baadaye, Tulivuni ikiwa ni nchi inayosikiliza, ikaundwa Tume. Tume iliwasikiliza mashahidi mia mbili na kumi na wanne, mmoja mmoja, mbele ya kamera, kisha ikavunjwa kwa kuwa kazi ya kusikiliza ilikuwa imekamilika.

"Nimewatazama watatu," alisema Waziri. "Wa kwanza amehamishwa, analia. Wa pili amehamishwa, analia. Wa tatu halii, lakini amehamishwa. Sasa mdogo wangu, wewe ndiye mtaalamu. Hayo si marudio?"

"Chujio haliyaoni kuwa marudio, Mheshimiwa. Nyuso ni tofauti, sauti ni tofauti. Kila mtu anasema lake."

"Kwa kiwango gani cha kufanana?"

"Asilimia tisini na tisa."

"Hicho kiwango kimeteremshwa kutoka mbinguni?"

"Nimekiweka mimi, Mheshimiwa."

"Basi," alisema Waziri, akamsogezea andazi la pili.

Hakutishwa. Jambo hili Kassian alilipekua baadaye mara nyingi, akitafuta mahali alipotishwa, hata kidogo, apate pa kujishikiza, akakosa. Hakuna aliyemkunjia uso. Hakuna aliyemtaja mkewe wala watoto. Alikula andazi akarudi mezani kwake, akajiambia anajaribu tu.

Ili kujaribu, aliwachukua mashahidi wawili akawafungua kwenye skrini, huyu kushoto, huyu kulia. Wa kushoto alikuwa mzee aitwaye Abednego Mzungwi. Wa kulia alikuwa kijana aitwaye Leonsi Chilewa. Aliwatazama wote mwanzo hadi mwisho, huku akishusha kiwango polepole. Kwenye themanini Chujio likakataa. Kwenye sitini likakataa. Kwenye arobaini likafikiri muda mrefu, feni ikavuma, likakataa. Kwenye thelathini na moja likakubali. Wote wawili walikuwa wamekaa, wote kwenye kiti cha mbao, nyuma yao ukuta wa kijani, na ukutani picha ya Mlezi. Kwa asilimia thelathini na moja walikuwa mtu mmoja.

Na Kassian aliona raha. Hili ndilo lililokuja kumkata maini kuliko yote. Namba zilipokaa sawa aligonga meza kwa furaha, kama fundi seremala anayesikia mlango wake unafunga bila kukwaruza. Halafu akabonyeza, kwa mashahidi wote kwa pamoja.

Chujio lilimhifadhi wa kwanza kwa mpangilio wa alfabeti. Wale wengine mia mbili na kumi na watatu likawaachia vibandiko, video zao zikafutwa, na mahali pake ikaandikwa hotuba moja ya Mlezi akifungua kiwanda cha kofia, kwa nakala zake nne.

Sikukuu ilifana sana. Viyoyozi vya chumba cha seva viliangusha umeme nchi nzima saa tatu asubuhi, kwa hiyo hakuna raia aliyeweza kutazama hotuba yoyote, na Wizara ikatangaza kwa fahari kwamba hapakutokea msongamano. Kassian alivishwa nishani ya Mtunza Nafasi, Daraja la Pili. Mkewe aliitundika sebuleni. Yeye akawa anakaa akiipa mgongo.

*

Ghorofa ya chini ya jengo lile lipo Dirisha la Huduma Namba Saba, kwa Bi. Kuruthumu, karani mwenye roho nzuri na mhuri mkubwa. Raia akitaka kutazama video ya jamaa yake hujaza fomu, husubiri siku mia moja na ishirini, kisha huingizwa kwenye chumba kidogo chenye skrini. Akimaliza kutazama husaini mahali palipoandikwa "Nimeona na nimemtambua". Hakuna mahali pengine pa kusaini.

Tangu Chujio lifanye kazi yake walikuwa wamekuja watu thelathini na wanane kutoka Mkwaya. Wote walionyeshwa Mzee Abednego Mzungwi, mwenye upara na kifua kibovu, akieleza kwa dakika arobaini habari za mizinga yake ya nyuki hamsini na miwili iliyokwenda na maji. Wote walisaini. Wajane tisa walimtambua kuwa mume wao. Msichana mmoja alimtambua kuwa mama yake, akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kutoka sasa.

Kila mwisho wa mwezi Kassian aliletewa takwimu: utambuzi, asilimia mia moja. Zilikuja na salamu za pongezi. Ndipo ule mwiba ulipoingia kooni. Alijaribu kushuka mara mbili akamweleze mtu, mara mbili akaishia kwenye ngazi. Mara ya tatu aliandika barua ya kukiri akaipeleka masjala. Masjala ikairudisha kwa maelezo kwamba Wizara haina fomu ya kukiri, ina ya kushukuru tu. Kassian akakaa, akajaza ya kushukuru, na alipoisaini nafsi ilimsuta mpaka akaona haya kumtazama mfagiaji.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Alhamisi moja, saa tano asubuhi, simu ilipolia.

"Mhandisi, shuka," alisema Bi. Kuruthumu. "Kuna hitilafu."

"Hitilafu gani?"

"Kuna mama hataki kutambua."

*

Alikuwa mama mwembamba, wa makamo, amejifunga khanga juu ya sweta. Jina lake Agripina Chilewa. Alikuwa amekaa mbele ya skrini, na kwenye skrini Mzee Abednego alikuwa amesimamishwa katikati ya neno, mdomo wazi.

"Mama, mfumo unasema huyu ni Leonsi," Bi. Kuruthumu alikuwa akieleza, bila ubaya wowote. "Soma hapa juu. Jina, Leonsi Chilewa. Namba ya ushahidi, yake. Kijiji, chenu."

"Nimeliona jina, mwanangu. Jina ni lake. Mtu ndiye siye."

"Watu hubadilika kwenye kamera, mama."

"Leonsi alikuwa na miaka ishirini na miwili, na nywele zake zote. Huyu ni Mzee Abednego wa mizinga. Namfahamu, asali tulikuwa tunanunua kwake."

Bi. Kuruthumu alichangamka. "Kumbe unamfahamu. Basi umemtambua. Fomu haiulizi umemtambua kuwa nani."

Mama Agripina aliiangalia kalamu aliyonyooshewa, akairudisha mezani taratibu kwa adabu. Akamgeukia Kassian, kwa kuwa alikuwa na kitambulisho shingoni na alionekana mtu wa juu.

"Baba, mimi sitaki ugomvi na serikali. Mwanangu alifariki mwaka jana kule makazi mapya. Homa, siku nne. Picha zake zote zilikuwa sandukuni, na sanduku liko chini ya ziwa. Sina hata ile ya kitambulisho. Siku aliyokwenda kwenye Tume mimi nilikuwa naumwa, sikumsikia alivyosema. Watu waliniambia alisema vizuri sana. Nikasema si kitu, wamemrekodi, nitakuja kumwona. Nimengoja zile siku mia na ishirini, na nauli nimeichanga. Nionyesheni tu, nimwone, niende zangu."

"Mama," alisema Kassian, "kuna tatizo la kitaalamu."

Hakupata kuendelea, kwa sababu mlango ulifunguliwa akaingia Waziri. Juu ya meza yake palikuwa na taa nyekundu ya hitilafu iliyowekwa tangu jengo lijengwe, na ilikuwa haijawahi kuwaka. Alikuja haraka, akiwa na mpiga picha wake.

Alielezwa. Alimtazama Mama Agripina, akamtazama Mzee Abednego, akaweka mikono nyuma.

"Mama yangu mpendwa na raia mwema," alianza, "katika Tulivuni hakuna mtu anayepotea. Nakataa neno hilo. Nchi nyingine humtupa shahidi wao peke yake kwenye kabati, na upweke wake. Sisi tumeona hapana. Sisi tumewaunganisha. Ndani ya mzee huyu, mama, wamo mashahidi wote wa Mkwaya. Ukimtazama yeye umewatazama wote. Huo ndio umoja tunaouimba."

"Nimekusikia, Mheshimiwa," alisema Mama Agripina. "Ila mimi nilikuwa namtaka mmoja."

Waziri alitafakari. "Mzee huyu yu hai?"

"Yu hai, Mheshimiwa."

"Basi ni rahisi. Tutakukabidhi yeye mwenyewe, rasmi, kwa hati. Atakuwa Leonsi kuanzia Jumatatu."

"Mzee Abednego ana watoto wake, Mheshimiwa. Na ana miaka sabini na mbili. Mimi nina hamsini na moja."

Hapo Waziri aliona kwamba anashughulika na mtu mgumu, na kiongozi bora hujulikana mbele ya watu wagumu. Aliagiza fomu ibadilishwe papo hapo. Chini ya mstari wa "Nimeona na nimemtambua" uongezwe mstari wa pili: "Nimeona, sijamtambua, lakini nimeridhika". Kwa kuwa hayo yalikuwa mageuzi makubwa, ilibidi yazinduliwe. Akatoka na mpiga picha kwenda ukumbi wa pili, akamchukua na Bi. Kuruthumu apige mhuri wa kwanza mbele ya kamera. Mlango ukafungwa nyuma yao.

*

Walibaki wawili, na Mzee Abednego mdomo wazi.

Uongo Kassian alikuwa nao tayari, tena mzuri. Angesema video imehamishiwa kwenye kanda, rafu ya baridi, jaza fomu nyingine, rudi baada ya siku mia moja na ishirini. Mama angeshukuru. Angerudi makazi mapya akahesabu siku, akachanga nauli tena, akarudi, na siku hiyo Kassian angekuwa likizo. Aliona mambo yote hayo kwa wazi kabisa, mpaka sweta lilelile.

"Mama, hayupo," alisema.

"Yuko wapi?"

"Hayupo popote. Amefutwa. Nimemfuta mimi." Akaona haitoshi. "Hakuna aliyenishika mkono. Kuna mashine inayosema watu wanafanana. Nimeitengeneza mimi, na siku hiyo mimi ndiye niliyeiambia ikubali. Na hao wengine wote pia."

Alingoja apigwe, au alaaniwe, na kusema kweli angefurahi. Mama Agripina hakufanya lolote kati ya hayo. Alivuta ncha ya khanga, akaipitisha kati ya vidole, kisha akauliza jambo ambalo Kassian hakulitegemea.

"Ulimwona?"

"Nani, mama?"

"Leonsi. Kabla hujamfuta. Ulimwona?"

"Nilimwona. Nilimtazama mwanzo mpaka mwisho."

Uso wa mama ulibadilika. Ukafunguka, ukawa wa mtu aliyehangaika nyumba nzima akitafuta kitu na sasa amekiona. Alivuta kiti cha pili akakisogeza karibu na chake, akakifuta kwa kiganja.

"Basi wewe unaye," alisema. "Kaa, baba. Niambie alisema nini."

Kassian akakaa.

Alifumba macho akamtafuta. Alimpata upande wa kulia wa skrini, mdogo, akichezesha midomo. "Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao," alianza.

"Enhe."

"Nyuma yake kulikuwa na ukuta. Wa kijani."

"Enhe."

"Na picha ya Mlezi."

"Enhe. Akasema nini?"

Alitafuta neno, hata moja. Alitafuta shati, rangi ya shati, kama alicheka, kama aliinamisha kichwa, kama alimtaja mama yake. Angeweza kutunga. Mama alikuwa amemwelekea na mwili wote, angepokea chochote: kwamba kijana alisema habari za nyumba yao, kwamba sauti haikumtetemeka, kwamba alimaliza kwa salamu kwa mama aliyekuwa mgonjwa. Lakini angekuwa anamkabidhi Abednego mwingine, na safari hii kwa mdomo wake.

"Sikumbuki," alisema. "Nisamehe, mama. Macho yalikuwa kwake lakini sikuwa namsikiliza. Nilikuwa napima."

"Ulikuwa unapima nini?"

"Nafasi. Kwamba anachukua nafasi kiasi gani."

"Alichukua kiasi gani?"

Hiyo aliikumbuka. Aliikumbuka kwa tarakimu zake zote, na ndiyo iliyomfanya machozi yamtoke. "Megabaiti mia tisa na nne."

Mama Agripina aliirudia kimoyomoyo, midomo ikisogea, kama mtu anayeagizwa dawa. Ukumbi wa pili Waziri alikuwa amefika kwenye neno "maendeleo", watu wakapiga makofi.

"Ndiyo nyingi hiyo, baba?"

Kassian hakujua amweleze vipi. Alivua kamba ya kitambulisho shingoni. Kwenye kamba palikuwa na flashi, ndogo kuliko kidole gumba, aina wanayogawiwa wafanyakazi wote wa Wizara siku ya kuajiriwa. Akamwekea kiganjani.

"Hii ingewatosha wote, mama. Wote mia mbili na kumi na wanne, na nafasi ingebaki."

Mama aliinua kiganja akakipima uzito, akaileta flashi karibu na macho, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande wa pili.

"Humu mmeweka nini?"

"Hamna kitu, mama," alisema Kassian. "Ni tupu."